Vitunguu Visivyoliwa

Ukipita mitaa ya Leicester wiki ya mwisho ya Mei, utaona mipira ya zambarau imechomoza juu ya kuta fupi za bustani, kila mmoja kwenye kijiti chake. Mingine ina ukubwa wa chungwa, mingine inakaribia kichwa cha mtoto mchanga. Majani hayaonekani, ni mpira na kijiti tu. Wageni wangu kutoka nyumbani huwa wanauliza hilo ua linaitwaje. Nawaambia ni kitunguu. Wanacheka, wanadhani natania, mpaka nichume jani, nilisugue kidogo, niwape wanuse.

Sio utani. Kwa wataalamu wa mimea jina la ukoo ni Allium, jina alilolitumia Linnaeus mwaka 1753, na ndani yake wamo wote: kitunguu maji, kitunguu saumu, liki, na mamia ya jamaa zao wa porini ambao hawajawahi kukaangwa na mtu. Haya marefu ya maua yanatoka upande huo wa porini. Mimi nayaita matunguu. Nimeondoa ile *ki-* ya udogo, maana ukishika mkononi tunguu moja la aina kubwa, likakujaa kiganja kama ngumi ya mtu mzima, kuliita kitunguu unaona kabisa ni kulionea.

Sasa, mimi nimezaliwa Mang'ola, wilaya ya Karatu, kule bondeni karibu na Ziwa Eyasi. Ukimwambia mtu wa Karatu kwamba kwenu mna shamba Mang'ola, hakuulizi mnalima nini. Maji ya chemchemi yanagawanywa kwa zamu kwenye mifereji, yanaingia kwenye majaruba, na vitunguu vyekundu vinavyotoka hapo vinasafiri mpaka masoko ya mbali. Nimekua nikiona magunia ya lumbesa yamepakiwa na nundu juu kama ngamia, dalali akilipa bei ya gunia moja kwa mzigo ambao baba yangu aliuhesabu moja na nusu. Nasema haya ili mnielewe ninaposema kwamba kwetu ua la kitunguu ni habari mbaya.

Kitunguu kikichanua shambani, kimeshaharibika. Kile chakula ambacho kingekaa chini kikajaza tunda kinapanda juu kutengeneza kijiti na ua. Katikati ya kitunguu panabaki kitu kigumu kama fimbo, shingo inakuwa nene haifungi vizuri, na stoo hakikai, kinaoza. Dalali akikiona anakitupa pembeni bila hata kukuangalia usoni. Inatokea zaidi baridi ya Juni na Julai ikivikuta vimeshanenepa, vikadhani ni wakati wa kuzaa. Kazi yetu watoto ilikuwa kupita kwenye majaruba tukivunja vijiti. Nimevunja mamia kwa mamia kabla sijamaliza darasa la saba. Vina sauti yake vikivunjika, *pwa*, kwa sababu ndani ni vitupu.

Lakini pembeni, karibu na mfereji, palikuwa na kipande cha Mama, hatua kama ishirini kwa kumi, na hapo ilikuwa marufuku kuvunja. Hicho kilikuwa kipande cha mbegu. Baada ya mavuno Mama alikaa kwenye mkeka na rundo la vitunguu, anachagua. Alitaka shingo nyembamba, rangi iliyokolea, na moyo mmoja. Vilivyochaguliwa vilirudi ardhini, na safari hii viliachwa vichanue wapendavyo: vichwa vyeupe mpaka kiunoni kwa mtu mzima, vimejaa nyuki. Vikikauka vinakatwa, vinaanikwa kwenye turubai, vinapigwa, vinapepetwa. Kinachobaki ni mbegu nyeusi tii, zenye pembe, nyepesi kama baruti. Mama aliziuza kwa kipimo cha kopo kwa majirani. Pesa ya baba ilipanda na kushuka na bei ya gunia. Ya Mama ilikuwa ndogo lakini ilikuja kila mwaka, na ndiyo iliyolipa ada yangu ya sekondari.

Basi mimi nilipoanza kupanda maua ya vitunguu kwenye nyumba ya kupanga huku Uingereza, mkono wangu ulikuwa na historia mbili tayari.

Haya matunguu asili yake ni Asia ya Kati na nchi za jirani: milima na nyanda kavu za Uzbekistan, Tajikistan, Turkmenistan, kuteremka mpaka Iran na Afghanistan. Lile refu kuliko karibu yote, Allium giganteum, lilipewa jina hilo mwaka 1883 na Eduard Regel, aliyekuwa mkurugenzi wa bustani ya mimea ya St Petersburg. Ukijua linatoka wapi, huhitaji mtu akufundishe kulitunza. Kwao majira ya baridi ni makali, ya kuchipua ni mafupi na yana maji, kiangazi ni kikavu kama jiko. Kwa hiyo tunguu linafanya mambo yake haraka. Linatoa majani mapema, mara nyingi tangu Februari, wakati bustani nyingine imelala. Linakusanya chakula, linapandisha ua, halafu kiangazi kikianza kuchoma linajifungia chini na kulala. Bila ile baridi halichanui. Na likilala kwenye udongo uliojaa maji, linaoza.

Leicester tuna udongo wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha unanata kwenye buti, jua likiwaka unapasuka. Hapo ndipo kazi ilipo. Mwezi wa Oktoba nachimba mkanda wote unaofuata uzio, yaani ule ukanda wa udongo ambao Waingereza hupanga maua yao, marefu nyuma na mafupi mbele, nachanganya changarawe ndogo na mboji, ndoo kwa ndoo. Shimo la kila tunguu liwe na kina cha mara tatu ya kimo chake, kwa makubwa ni kama sentimita 15 hadi 20. Chini namwaga changarawe kiganja kimoja, tunguu linakaa juu yake kichwa juu, mizizi chini. Nafasi kati ya moja na jingine, sentimita 20 au 30. Jua liwe la kutosha. Basi. Hata kindi, ambao huku wanafukua matulipu kama wamelipwa, hawayagusi haya. Ile harufu inawafukuza.

Kitu kimoja tu kilinisumbua kukubali: mistari. Mtu wa Mang'ola anapanda kwa mstari hata akiwa usingizini. Lakini matunguu yakisimama kwenye mstari mnyoofu yanafanana na askari wa gwaride, na baada ya dakika mbili umeshayachoka. Dawa yake ni ile wanayoitumia wakulima wa maua wa huku: unayachukua mkononi, unayarusha taratibu kwenye mkanda, na popote lilipoangukia ndipo unapochimba. Ukiona mawili yamegusana unayasogeza. Nilifanya hivyo nikitazama huku na huku, kama vile baba angetokea nyuma ya uzio aniulize nini hiki.

Halafu kuna suala la miguu. Hili picha za kwenye katalogi za matunguu hazikuonyeshi. Majani ya matunguu yanaanza kufa ua linapofunguka, mengine hata kabla. Juu una mpira wa fahari, chini una majani ya njano yaliyolegea kama ndizi zilizosahauliwa. Kuyakata yakiwa mabichi huwezi, ndiyo yanayojaza tunguu kwa ajili ya mwakani. Jirani yangu, bibi mmoja aliyepita miaka themanini, aliniambia kwa maneno machache: tunguu halipandwi peke yake, linapandwa nyuma ya mtu. "Huyo mtu" wake ni mmea mfupi mnene unaojaa mwezi Mei. Mimi natumia geranium za kudumu, na nepeta, ule mnanaa wanaoupenda paka, na Alchemilla ambayo majani yake yanashika matone ya mvua kama shanga. Vikiumuka vinafunika yale majani yanayokufa, na kijiti kinapita katikati yao kikiwa safi. Ukiona matunguu yamependeza kwenye maonyesho ya Chelsea, yale ya London kila Mei, ujue nusu ya uzuri ni wa hao wanaowasitiri. Bila wao ni vijiti vyenye mipira, na mimi binafsi sioni raha yake.

Kuhusu aina, sitawachosha. 'Purple Sensation' ndiyo ya kuanzia: mita moja kasoro, zambarau iliyokolea, bei nafuu, inachanua katikati ya Mei na kuendelea. Cristophii ni fupi lakini kichwa chake ni kipana, cha nyota nyota za rangi ya madini, na kikikauka kinabaki kizuri mpaka vuli. 'Mount Everest' ni nyeupe, na siipandi. Nikiiona naona jaruba lililoharibika. Giganteum inakuja mwishoni, Juni kuelekea Julai, inapita mita moja na nusu, na upepo ukivuma utakaa dirishani ukiomba Mungu. Na iko 'Globemaster', chotara cha cristophii na macleanii kilichotengenezwa na Waholanzi. Kichwa chake kinaweza kufika sentimita 20 na zaidi, kinakaa wiki nyingi bila kuchakaa, na ndicho wapita njia wanachosimamia kupiga picha. Hicho ndicho kilichoniletea kesi.

Mwaka jana, Mei mwishoni, kaka yangu alikuwa kwa Mama akapiga simu ya video. Nilikuwa nje namwagilia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Uko shamba?"

"Bustanini, Mama." Nikageuza kamera.

Alikaa kimya kidogo. Mama akitazama mmea huwa anafumba jicho moja, tabia ya kwenye mkeka. Alivitambua papo hapo, na hakuhitaji kunusa. "Hivyo ni vitunguu," akasema. "Umeviacha vichanue vyote?"

"Ni vya maua hivyo, Mama. Haviliwi."

"Haviliwi. Unaviuza?"

"Nimevinunua."

Akauliza bei. Nikamwambia lile kubwa, tunguu moja, pauni tano. Kaka, ambaye hajawahi kukosa nafasi ya namna hii, akaigeuza kuwa shilingi kwa sauti ili na jirani wasikie. Nilisubiri maneno. Pale kwetu tuna mambo: goti la Mama, mashine ya maji, ada za watoto wa kaka, na mimi ndiye ninayetuma. Mtu anayetuma pesa nyumbani anajua kwamba kila anachonunua huku kina kivuli chake kule. Lakini Mama hakwenda huko.

"Lisogeze," akasema. Nikasogeza simu kwenye 'Globemaster' mpaka nyuki wakaonekana. "Kichwa kama hicho kinatoa mbegu kiasi gani? Si kopo zima?"

"Haitoi mbegu, Mama. Ni chotara, haizai."

"Ua lote hilo?"

"Lote."

"Na hao nyuki wanatafuta nini?"

"Wanakula."

"Wanakula tu, hawafanyi kazi." Alisikitika kweli, kama mtu aliyesikia habari ya mgonjwa. Sijawahi kumwona akilisikitikia gunia la lumbesa namna ile.

Nikampeleka upande wa 'Purple Sensation'. Nikamwambia hii inazaa, na kila mwaka mbegu zinaanguka zenyewe na kuota kwenye nyufa za vigae, ila wanaoota hawafanani sawasawa na mama yao, wengine rangi inapauka. Hapo akachangamka. Kupauka kwa rangi ni jambo analolifahamu. Ndiyo sababu ya kukaa mkekani siku nzima. Akasema basi usiache zianguke ovyo, weka alama kwenye vichwa vilivyokolea, funga uzi, ukusanye hivyo tu. Akaniuliza, kuanzia mbegu mpaka ua, msimu mmoja au miwili?

"Miaka mitatu, Mama. Mara nyingi minne."

Hapa inabidi niwaeleze kitu. Kila mwaka ikifika Septemba Mama ananiuliza swali lilelile: mwakani unarudi? Nilikuja kusoma miaka miwili, nikapata kazi kwenye nyumba ya wazee, sasa ni mwaka wa kumi na moja. Kile kipande cha mbegu bado kipo. Goti halimruhusu tena kuinama, kaka analima vya kuuza na hana subira ya mbegu, na kwa hesabu ya Mama kipande kile kina mtu wake, na mtu huyo ni mimi. Nami kila Septemba nimemjibu, "Tutaona, Mama." Kisha Oktoba napiga magoti kwenye mkanda naweka matunguu ardhini. Tunguu la Oktoba linazungumza kuhusu Mei. Anayelipanda ameshasema atakuwa wapi Mei, hata kama mdomo wake umesema tutaona. Lakini hata hivyo ni miezi saba tu, na tunguu lina adabu: mkataba wa pango ukiisha, unangoja majani yakauke, unalifukua, unaliweka kwenye mfuko wa karatasi, unaondoka nalo. Linasafirishika. Miche ya mbegu ya mwaka wa kwanza ni nyuzi. Huwezi kuhama nayo.

"Miaka minne," Mama akarudia. Hakuuliza, alihesabu. Niliona macho yake yakitoka kwenye simu, yakatazama pembeni, kule mfereji ulipo. Kaka naye alinyamaza, jambo ambalo ni adimu. Kisha Mama akasema: "Mbegu ya aina hiyo inataka baridi kabla haijaota?"

"Inataka."

"Basi uiache nje. Usiionee huruma."

Tukaongea mengine. Siku ya tatu kaka akanitumia ujumbe wa sauti kwamba Mama amemwita mke wake, yaani wifi yangu, wakaenda kwenye kile kipande, Mama amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, wifi anapalilia, na Mama anamweleza habari za shingo na moyo. "Sijui kimetokea nini," kaka akasema. "Miaka yote alikuwa hataki mtu akiguse." Nilisikiliza ule ujumbe kwenye chumba cha mapumziko kazini, saa tisa usiku. Nikausikiliza tena. Sikulia, kama mnangoja hilo. Nilihisi kama mtu aliyetuliwa mzigo na kunyang'anywa kitu kwa mkono uleule, na sikuwa na haki ya kumlalamikia mtu yeyote.

Vichwa nilivifunga uzi mwekundu, saba tu, vilivyokolea kuliko vingine. Agosti vilikuwa vimekauka na kufunguka, ukitikisa unasikia. Mbegu zake nyeusi, zenye pembe, mtu akinichanganyia na za Mang'ola nisingezitenganisha. Oktoba nilizisia kwenye trei tatu, udongo mwepesi, changarawe laini juu, na nikaziweka nje kando ya ukuta chini ya wavu wa kuzuia paka. Zilipigwa na barafu Desemba na Januari. Nilizipita kila asubuhi nikitoka zamu na sikuzionea huruma.

Zimeanza kuota mwezi wa tatu. Miche inatoka imepinda, kama mtu aliyeamka huku kichwa bado kiko kwenye shuka, na ganda jeusi la mbegu limebaki nchani. Mama anataka picha kila Jumapili. Kwa trei ya kwanza ameridhika. Ya pili amesema imesongamana, niing'olee mmoja kwa kila miwili, na asione nimemhurumia mnyonge. Mwaka huu wote itabaki kuwa nyuzi, mwakani majani mawili membamba, na kila kiangazi itakauka nitadhani imekufa.

Jana wifi naye amenitumia yake. Mkeka uleule wa Mama, ukingo umeshonwa upya kwa uzi wa bluu, na juu yake vitunguu arobaini alivyovichagua mwenyewe kwa mara ya kwanza. Mama amevirudisha kumi na viwili bila kusema sababu. Wifi ananiuliza mimi. Nimemwambia avikate katikati vyote kumi na viwili, ahesabu mioyo, halafu anipigie.